Sarafu Tatu kwa Mfu Mmoja

Katika mchezo wa Hearthstone Battlegrounds, mfu mmoja ananunuliwa kwa sarafu tatu. Ukishamtumia ukamchoka, unamrudisha baa na kupewa sarafu moja. Awe mnyonge wa daraja la kwanza au mfalme wa daraja la juu, bei ni ile ile: kuingia tatu, kutoka moja. Mwenye baa anaitwa Bob, na kwa sisi tuliozoea kuita shilingi bob, jina hilo linamtosha kabisa.

Mimi huucheza mchezo huu kwenye simu, na kila nikipata nafasi huchagua kundi la Wafu. Nataka kueleza wanavyochaguliwa, kisha niulize swali ambalo mchezo wenyewe hauulizi. Ni wapi watu walianza kufikiri kwamba mtu akishakufa bado anaweza kununuliwa, kupangwa foleni na kufanyishwa kazi? Swali hilo lina jibu la kihistoria. Lina mahali, lina miaka, na lina hesabu zake.

Namna ya kuchagua mfu

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo. Wachezaji ni wanane. Raundi ya kwanza unaingia baa kwa Bob na sarafu tatu, ya pili na nne, hivyo hivyo hadi zifike kumi. Kwa sarafu hizo unanunua vibaraka. Ukiwa hujapendezwa na waliopangwa mbele yako, unalipa sarafu moja Bob akuletee wengine. Ukitaka wenye nguvu zaidi, unalipia baa ipande daraja. Nafasi zako uwanjani ni saba tu. Muda ukiisha, jeshi lako linakutana na la mwenzako na vita vinajiendesha vyenyewe. Wewe huna la kufanya ila kutazama. Kila kibaraka ana namba mbili, moja ya kupiga na nyingine ya uhai, na wanapiga kwa zamu kutoka kushoto kwenda kulia hadi upande mmoja uishe. Ujuzi wote uko katika kuchagua na kupanga.

Nimetumia neno kibaraka makusudi. Lingekuwepo neno jepesi, kama askari au mtumishi, lakini kibaraka ni neno ambalo siasa zetu zimelipa uzito wake: mtu ambaye mwili ni wake na matendo ni ya mwingine. Hakuna neno linalowafaa zaidi hawa.

Wafu waliingia kama kundi kamili Januari 2023. Ukichagua Majoka, kwa kawaida unataka yakue na yabaki hai. Kwa Wafu hesabu inageuka. Kwamba mfu wako atakufa, hilo halina mjadala. Unachojiuliza ni atakufa lini, akiwa amesimama wapi, na kifo chake kitamwachia nani nini.

Chukua Risen Rider, mpanda farasi wa daraja la kwanza. Namba zake ni mbili na moja, yaani ukimwangalia hivi hivi ni bure. Lakini adui analazimika kumpiga yeye kabla ya wengine, na akifa anasimama tena akiwa na uhai mmoja. Uwezo huo wa kusimama tena ndio alama ya kundi hili. Adui anatumia mapigo mawili kwa kitu ambacho hakikustahili hata moja. Halafu kuna Handless Forsaken, mfu asiye na mikono: akifa, unabaki mkono uwanjani, mkono peke yake, nao ukiuawa unainuka tena na kuendelea kupiga. Na juu kabisa, daraja la sita, kuna Eternal Summoner, ambaye kila akifa anamwita shujaa mmoja aitwaye Eternal Knight, na kwa kuwa yeye mwenyewe anainuka, anakufa mara mbili na kuita mara mbili. Ukimweka Titus Rivendare kando yake, kila kifo kinalipa zaidi ya mara moja.

Huyo Eternal Knight ndiye aliyenifanya nianze kuwaza mambo haya. Nguvu yake inaongezeka kwa kila Eternal Knight wako aliyekufa tangu mchezo uanze. Hesabu ni ya mchezo mzima, haiishii kwenye vita hivi tu. Kwa hiyo mchezaji mzoefu huwanunua mapema wakiwa wanyonge, anawaacha wachinjwe raundi baada ya raundi, akijua kila kifo ni kama mchango wa mwezi kwenye SACCO. Mwishoni anavuna. Shujaa wa mwisho anatoka akiwa jitu, na ujitu wake wote umetengenezwa kwa maiti za wenzake.

Kuna jambo jingine ambalo ukilizoea hulioni tena. Vita vikiisha, vibaraka wote waliokufa wanarudi. Si Wafu peke yao: majoka, wanyama, mashetani, kila aliyeanguka anaamka mahali pake kwa Bob, tayari kwa raundi inayofuata. Katika mchezo huu hakuna anayepumzika. Kwa kawaida kibaraka ana njia mbili za kutoka. Ama auzwe kwa sarafu moja, ama awe mmoja wa watatu wanaofanana ambao mchezo unawayeyusha kuwa mmoja wa dhahabu. Kwa maana hiyo, wote kwa Bob ni wafu. Tofauti ni kwamba kundi moja limeandikwa hivyo kwenye kadi.

Ghoul anayekata mbao

Kadi hizi zina ukoo. Kampuni ya Blizzard ilitoa Warcraft III mwaka 2002, mchezo wa kujenga kambi na kupigana, na moja ya pande nne za kuchagua ilikuwa Wafu. Kila upande ulihitaji vibarua wa kuchimba dhahabu na kukata mbao. Kwa upande wa Wafu, dhahabu ilichotwa na watu hai waliojitolea kuutumikia upande huo, na mbao zilikatwa na Ghoul. Huyo Ghoul ndiye pia askari wao wa kawaida wa mstari wa mbele. Maiti huyo huyo unamtuma vitani, akirudi unamwelekeza msituni akate mbao. Halipwi, na mchezo haukuonyeshi akila mshahara wowote isipokuwa, ukimfundisha, nyama ya waliokufa vitani.

Hadithi ya Warcraft III inasema watu hao waligeuzwaje. Nafaka ilitiwa ugonjwa, ikasambazwa vijijini, na waliokula mkate wake wakafa na kuamka wakiwa mali ya mtawala mmoja, Lich King, aliyewaendesha kwa mawazo tu. Shikilia hapo kwenye chakula, tutarudi.

Mwaka 2003, katika nyongeza iliyoitwa The Frozen Throne, Lich King anadhoofika na baadhi ya wafu wanapata tena akili zao. Wakiongozwa na Sylvanas, wanakataa kutumwa. Wanajiita Forsaken, yaani waliotelekezwa, kwa sababu walio hai hawawataki na bwana wao wa zamani wamemkana. World of Warcraft ilipotoka mwaka 2004, mchezaji aliweza kuwa mmoja wao.

Wakati huo huo wapenzi wa Warcraft III walikuwa wakiuchokonoa na kuunda michezo yao ndani yake. Mmoja ulikuwa DotA, uliozaa Dota 2 mwaka 2013. Ndani ya Dota 2, kundi la watengenezaji wa Kichina, Drodo Studio, likaunda Dota Auto Chess mapema mwaka 2019, na huo ndio uliowasha moto wa michezo ya vita vinavyojiendesha. Kabla mwaka huo haujaisha, Blizzard nao wakatoa wao, Battlegrounds, kwa kutumia kadi za Hearthstone. Kwa hiyo wafu wa Warcraft walizunguka kote huko wakarudi nyumbani.

Lakini angalia walivyorudi. Yule Handless Forsaken ni mmoja wa wale waliojikomboa. Jina lake linasema hivyo. Kwenye hadithi alikataa kuwa kibaraka. Kwenye baa ya Bob anauzwa sarafu tatu kama wengine. Na kinachobaki akifa ni mkono. Kiingereza kwa karne nyingi kiliita vibarua mikono: mikono ya shambani, mikono ya melini. Mtu mzima akaitwa kwa kiungo kimoja tu, kile kilichotakiwa na mwajiri. Sina sababu ya kudhani wasanii wa kadi hiyo walikuwa wakiwaza jambo hilo. Wazo lenyewe lilikuwa limeshasafiri mbali kabla halijawafikia.

Miwa

Safari hiyo ilipita Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti. Kufikia mwaka 1789 kulikuwa na watumwa karibu 500,000 huko, wakilima miwa, kahawa na nili, wakitawaliwa na Wazungu wachache sana. Lilikuwa koloni lenye faida kuliko yote ya Karibi. Faida hiyo ilitegemea hesabu moja ambayo mabwana shamba hawakuificha: ilikuwa nafuu kumtumikisha mtu hadi afe, kisha kununua mwingine melini, kuliko kumlisha vizuri na kumwacha alee watoto. Wengi walioshushwa bandarini hawakumaliza miaka michache. Wengi wao katika miongo ya mwisho walitoka Kongo na Angola.

Si wote, lakini. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Soko lake kubwa lilikuwa mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion, lakini katika miaka hiyo meli za Kifaransa zilipakia watu pwani ya Msumbiji na kuwavusha Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue. Kwa hiyo hadithi hii tusiisome kama ya Magharibi ya Afrika peke yake. Upepo wa kwetu pia ulijaza tanga hizo.

Watumwa wa Saint-Domingue waliamini kwamba mtu akifa roho yake inarudi Guinée, yaani Afrika, kwa wazee wake. Kifo ndiyo ilikuwa likizo pekee ambayo mnyapara hakuweza kukunyima, na wapo waliojiua ili waifikie mapema. Kutokana na hofu na tumaini hilo akazaliwa zombi. Neno lenyewe wataalamu hulihusisha na lugha za Kibantu za Kongo na Angola, ambako maneno ya sauti hiyo hutaja mizimu na hata Mungu. Zombi wa Haiti hali watu. Zombi wa Haiti ni mtu aliyekufa akazuiwa kwenda Guinée. Mchawi amemtoa kaburini, amemwondolea nia yake, amemrudisha kwenye jembe. Ni mtumwa ambaye hata mlango wa mwisho umefungwa.

Ndiyo maana Wahaiti hawakumwogopa zombi jinsi filamu zinavyotufundisha. Waliogopa kuwa zombi.

Hapo ndipo mkono wa Handless unanisimamisha. Vinu vya miwa vilikuwa na magurudumu mazito ya kukamua, na mtu aliyesinzia usiku wakati wa mavuno aliweza kuvutwa kuanzia vidole. Mashambani ya Karibi panga liliwekwa karibu na kinu ili mkono ukatwe upesi kabla mwili wote haujafuata. François Makandal, mtumwa aliyetoroka akawa kiongozi wa wenzake milimani, husimuliwa kuwa aliupoteza mkono wake namna hiyo. Wafaransa walimshtaki kwa kupanga kuwatilia sumu mabwana shamba, wakamchoma moto hadharani Cap-Français mwaka 1758. Watumwa walioletwa kutazama walisema hakufa: alijigeuza mdudu akaruka. Mfu asiye na mkono aliyekataa kubaki mfu, miaka zaidi ya 200 kabla ya kadi.

Agosti 1791 watumwa waliwasha moto mashamba. Baada ya vita vya miaka 12 waliyashinda majeshi ya Napoleon, na tarehe 1 Januari 1804 Jean-Jacques Dessalines akatangaza Haiti huru. Mwaka 1825 Ufaransa ilirudi na manowari na kudai faranga milioni 150 kama fidia kwa waliokuwa mabwana shamba, kwa mali waliyopoteza. Katika mali hiyo walihesabiwa watu wenyewe. Mwaka 1838 deni lilipunguzwa hadi milioni 90, lakini mikopo iliyochukuliwa ili kulilipa iliwaandama hadi mwaka 1947. Wajukuu wa vitukuu walikuwa bado wanalipa bei ya wazee waliokwisha kuzikwa. Ukitaka mfano wa wafu wanaoendelea kuzalisha, huo hapo, tena kwa stakabadhi.

Njugu zenye chumvi

Jeshi la Marekani liliingia Haiti Julai 1915 na kukaa hadi 1934. Ili kujenga barabara lilifufua sheria ya zamani ya shokoa, na wanaume wa vijijini walikusanywa kwa bunduki, wengine wakifungwa kamba, kulima njia bila ujira. Watu waliona utumwa umerudi, wakapigana. Kiongozi wao, Charlemagne Péralte, aliuawa mwaka 1919. Wanajeshi walimfunga kwenye mlango, wakampiga picha na kuisambaza nchini ili watu waamini kweli amekufa. Picha ikafanya kinyume: watu walimwona kama Kristo msalabani.

Katikati ya utawala huo akaja mwandishi wa Kimarekani, William Seabrook. Kitabu chake The Magic Island, cha mwaka 1929, ndicho kilichowatambulisha wasomaji wengi wa Kiingereza kwa zombi. Ndani yake kuna kisa alichosimuliwa na mkulima mmoja. Mavuno ya mwaka 1918 yalikuwa makubwa, na kampuni ya sukari ya Wamarekani, HASCO, ilitafuta vibarua kwa hamu. Mzee mmoja, Ti Joseph, akafika na kundi la watu waliovaa matambara, kimya, macho yakitazama mbali. Akawaandikisha. Walifanya kazi juani bila kusema neno, na kila Jumamosi mshahara wao aliuchukua yeye.

Huku kwetu tunao wafanyakazi hewa. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwagundua zaidi ya 10,000. Mfanyakazi hewa ana mshahara na hana mwili. Watu wa Ti Joseph walikuwa na mwili na hawakuwa na mshahara. Ukiangalia vizuri, utaona fedha za wote wawili zinaingia mfuko wa aina moja.

Kisa kinaendelea hivi. Chakula cha hao watu kilipikwa bila chumvi wala nyama, kwa sababu zombi akionja chumvi anajitambua. Siku moja ya sikukuu mke wa Ti Joseph aliwaonea huruma, akawapeleka mjini na kuwanunulia vitumbua vitamu vya njugu. Hakujua kwamba njugu zilitiwa chumvi kabla ya kupikwa. Walipotafuna walielewa kuwa wamekufa. Wakainuka, wakalia kilio kimoja cha kutisha, wakaelekea milimani kwao. Hakuna aliyethubutu kuwazuia. Kijijini ndugu zao waliwatambua na kuwaita kwa majina, lakini hawakusimama. Walikwenda moja kwa moja makaburini, wakaanza kuchimbua udongo kwa mikono, na walipougusa wakaanguka wakiwa maiti kweli.

Nakiri kisa hiki ni cha mkono wa pili na wa tatu, na Seabrook alipenda kutisha wasomaji. Lakini msomaji asiikose maana yake: mwisho mwema wa hadithi ni kufa. Chumvi haikuwarudishia uhai. Iliwarudishia haki ya kuondoka kazini.

Mwaka 1932 Hollywood ikatoa White Zombie, Bela Lugosi akiwa mchawi mwenye kiwanda cha sukari. Kuna sehemu ambapo zombi mmoja anatumbukia kwenye kinu na wenzake wanaendelea kusukuma bila kugeuka. Bado hapo zombi ni kibarua. Kisha mwaka 1968 George Romero akatoa Night of the Living Dead, ambamo wafu wanainuka bila bwana na bila kazi, wanakula watu tu. Hata neno zombi halitamkwi humo. Wanaitwa ghoul, neno la asili ya Kiarabu. Hapo mfu akaachishwa kazi ya shamba akapewa kazi ya kula, na hofu ikahama: mtazamaji akaacha kuogopa kufanywa zombi, akaanza kuogopa umati wa mazombi. Hofu ya mtumwa ikageuka kuwa hofu ya bwana.

Michezo ya kompyuta imerithi yote mawili. Ghoul wa Warcraft anakula watu kama wa Romero na anakata mbao kama wa Haiti.

Mzimu, zimwi, msukule

Kiswahili hakikuhitaji kungoja Hollywood. Tuna mzimu, roho ya aliyefariki. Tuna kuzimu waliko, na wazimu unaompata mtu akiguswa nao. Tuna zimwi, mla watu wa ngano, ambaye Wagikuyu humwita irimũ. Shina ni moja, limetapakaa katika lugha za Kibantu.

Mzimu, hata hivyo, si mfanyakazi. Mzimu unatumikiwa. Unapelekewa chakula, unamwagiwa pombe, unaombwa radhi. Mtu akipuuza, unakasirika kama mkwe aliyesahauliwa kwenye harusi. Katika mpango huo, aliye hai ndiye mwenye wajibu kwa aliyekufa.

Msukule ni kinyume chake. Ndugu wanazika wakidhani ni mpendwa wao, kumbe, hivi ndivyo inavyosimuliwa Tanzania, wamezika mgomba. Mwenyewe kachukuliwa, usiku analima shamba la tajiri fulani, analishwa pumba. Ndondocha husemwa kuwa amekatwa ulimi, asije akataja aliyemchukua. Sasa rudi kwenye chakula. Nafaka yenye ugonjwa kwa Lich King, uji usio na chumvi kwa Ti Joseph, pumba kwa msukule. Hadithi hizi, za mbali hivyo, zinajua kitu kimoja: utamjua mtumwa kwa kutazama sahani yake.

Kameruni, chini ya mlima wa jina hilo, Wajerumani walianzisha mashamba makubwa kwenye ardhi ya Wabakweri. Mwanaanthropolojia Edwin Ardener aliandika juu ya hofu yao ya nyongo: mtu anayetajirika ghafla anashukiwa kuwauza jamaa zake, ambao wanaonekana wamekufa lakini wako kwenye shamba lisiloonekana katika Mlima Kupe. Shamba la Wazungu lilikuwa pale wanaliona, na la wafu likawa kivuli chake.

Kenya nayo ilikuwa na mumiani, anayesemekana kunyonya damu za watu ziuzwe dawa. Neno limetokana na dawa iliyosagwa kutoka maiti zilizokaushwa za Misri, biashara ambayo Ulaya iliishabikia kwa karne kadhaa, na kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 tayari inalo. Katika Battlegrounds amewahi kuwepo mumia mdogo wa chuma, Micro Mummy, na wachezaji wengi walimchukua mapema bila kufikiri mara mbili. Nairobi ya ukoloni waliogopwa wazima moto, kwamba wanakamata watu usiku na kukamua damu. Wenye kusema hayo walikuwa wanaume waliolipishwa kodi ya nyumba ili watoke kutafuta ajira, na ambao kuanzia miaka ya 1919 na 1920 walilazimika kutembea na kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, chenye namba yao na maneno ya mwajiri wa mwisho. Mimi sioni ajabu kwamba waliamini kuna anayewanyonya damu. Kitu ambacho hawakukijua ni bomba lilipo.

Sidai kwamba imani za msukule zilizaliwa siku mkoloni alipofika. Ninachosema ni kwamba zinanenepa mahali watu wanapofanya kazi na matunda yake hawayaoni. Mfu kibarua ni namna ya kusema jambo ambalo hesabu za shamba hazilisemi.

Majina

John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, aliandika juu ya wafu walio hai. Hakuwa akiwaza mazombi. Kwake mfu aliye hai ni marehemu ambaye bado kuna mtu duniani anayemkumbuka kwa jina. Hilo linaweza kuendelea vizazi vinne au vitano. Siku mtu wa mwisho aliyemjua anapokufa, marehemu anazama katika Zamani, neno alilolichukua kutoka Kiswahili. Wasomi walimpinga Mbiti juu ya mengi, hasa nadharia yake ya wakati, lakini hapa ametupa kipimo kizuri. Kuna mfu anayekaa nasi kwa kuitwa, na kuna mfu anayekaa nasi kwa kutumwa. Wa kwanza ana jina, wa pili ana namba.

Bado nawachagua Wafu. Nikiulizwa ushauri nitasema nunua Risen Rider mapema umpange mbele, usimuuze Eternal Knight wako wa kwanza hata akionekana kituko, na nafasi ya saba iachie Titus. Ushauri huo ni sahihi na unashinda mechi. Ila sasa nauona kwa jinsi ulivyo: ni ushauri ambao mnyapara wa Saint-Domingue angeuelewa bila kuelezwa.

Na hakuna chumvi kwa Bob. Nimezipitia kadi nyingi za kundi hili, za kuwaongezea wafu nguvu, za kuwainua, za kuwazidishia vifo, na sijaona inayowaruhusu kwenda zao.

Yule Eternal Knight, lakini, anafanya jambo moja ambalo historia haikuwafanyia watu wa mashamba yale. Anawahesabu wenzake wote. Hakuna Eternal Knight wa jeshi lako anayekufa bila kuongezwa kwenye namba, tangu raundi ya kwanza, hata yeye mwenyewe akiwa bado hajanunuliwa. Kwa waliopita Kilwa na Kongo tunazo orodha za meli, ngapi walipakiwa na ngapi walishuka, nazo zina mapengo. Majina karibu yote hayapo. Huyo shujaa wa kadi naye hayajui majina. Namba anayo.